Uchafu Wenye Sababu

Gikomba ni soko ambalo kazi yake kubwa ni kuficha umri. Shuka kutoka Majengo asubuhi, pita upande wa viatu, utaona. Kuna msee ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yake beseni la maji ya sabuni, mkononi mswaki wa meno. Anasugua raba iliyovaliwa na mtu wa Ulaya miaka miwili au mitatu. Soli ikishatakata anaipaka rangi nyeupe. Palipoachia anaweka gundi na kufunga kwa mpira hadi pashike. Kisha anajaza magazeti ndani ili kiatu kisimame kifua mbele, kama ambacho hakijawahi kukanyaga matope. Kufikia saa nne kimepangwa juu ya meza na bei yake imepanda. Ukiuliza, unaambiwa, "Hii ni kamera, buda," yaani chaguo la kwanza kutoka kwenye bele, si zile za fagia zinazomwagwa chini kila mtu akachakura.

Hakuna anayemwita msee huyo mwongo. Kila mtu anajua mtumba ni mtumba. Tunachonunua si upya bali heshima ya kuonekana kama mtu aliyenunua upya, na hiyo heshima yeye ameifanyia kazi.

Sasa, mwendo mfupi kutoka hapo, ndani ya chumba kimoja cha Majengo, kuna kijana mwenye kazi ya kinyume kabisa. Mwaka mzima anatengenezea vikundi vya maigizo vifaa vya jukwaani, hasa vile vikundi vinavyozunguka shule za upili kuigiza vitabu vya mtihani. Ikifika Oktoba, simu zinaanza kuingia kutoka upande ule mwingine wa mji: Westlands, Kilimani, Lavington. Ni Halloween. Watu wanataka majeneza, mafuvu, minyororo, vioo vilivyopasuka, barua za wafu. Na wote wanataka kitu kimoja: isikae mpya. Plastiki ya dukani inang'aa sana, haitishi mtu. Kwa hivyo kijana ananunua mbao, anagonga sanduku zuri lililonyooka, halafu anakaa nalo siku mbili akiliharibu.

Mama mmoja wa ploti hiyo, ambaye hutoka kila asubuhi kwenda Eastleigh kufulia watu nguo, alisimama mlangoni akamtazama akipaka matope kwenye shuka jeupe.

"Yaani unalipwa kuchafua?"

"Ndio, mathe."

"Na mimi nalipwa kuosha. Kwani uchafu umeisha huko kwao?"

Tulicheka, lakini swali lake si la kuchekea tu. Ndani yake kuna maswali mawili. La kwanza: mtu akikifanya kitu kipya kionekane kizee, je, anadanganya? La pili ni gumu zaidi: huo uchafu anaouiga, ni wa nani?

*

Wacha kwanza tuangalie kazi yenyewe, kwa sababu maadili yake yamejificha ndani ya ufundi.

Karatasi ndiyo rahisi. Unachemsha chai ya rangi iliyokolea, bila sukari, maana sukari inaita sisimizi. Unaloweka karatasi, unaianika juani, unaikunja na kuikunjua, unachoma kingo kidogo kwa mshumaa. Bendeji ya duka la dawa ikipitia chai hiyo hiyo inakuwa sanda. Fuvu linaanza na puto: unabandika vipande vya gazeti kwa uji wa unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, likikauka unalipaka rangi nyeupe. Halafu unamwagia maji ya rangi ya kahawia na nyeusi na kuyafuta haraka kwa tambara, ili yabaki kwenye mashimo ya macho na kwenye nyufa peke yake.

Mbao zina uchawi wao. Unachukua ile waya ya kusugulia sufuria, unailoweka kwenye siki usiku kucha. Asubuhi unapaka ubao chai ya rangi, unauacha ukauke, kisha unapaka ile siki iliyokula chuma. Ubao ulionunua jana unageuka kijivu mbele ya macho yako, kama ambao umenyeshewa miaka ishirini. Si uchawi, ni kemia: chuma kimekutana na tanini ya majani ya chai. Kutu nayo unaweza kuifuga kwa siki na chumvi juu ya chuma kitupu. Pale pasipo na chuma, unachukua vumbi la mbao kutoka kwa mafundi wa vitanda, unachanganya na gundi nyeupe na rangi ya kahawia, unapaka. Likikauka linakwaruza kidole kama kutu yenyewe. Juu ya yote unaweka masizi ya jiko la makaa na polishi nyeusi ya viatu.

Hizi ni mbinu za kujifunza kwa wiki moja. Kinachochukua miaka ni kujua uzipake wapi. Mtu asiyejua hupaka uchafu kila mahali sawasawa, na ndiyo maana kazi yake inaonekana imepakwa. Kijana huyu ana msemo wake: "Uchafu hauangukangi tu. Uko na sababu."

Na ukianza kuangalia, ni kweli. Mlango haushiki weusi kila mahali. Unaushika karibu na komeo, pale mikono inapogusa, na tena chini kidogo, kimo cha mtoto. Kutu inaanzia kwenye tundu la msumari na kutiririka kwenda chini, kwa sababu ndiko maji yanakoenda. Moshi unapanda, kwa hivyo masizi yako ukutani juu ya jiko, si kando. Matope mekundu yanaishia kama magotini, kwa sababu hapo ndipo tone la mvua likigonga ardhi huruka na kufika. Kiti hakizeeki kwa kuchakaa tu. Pale mkono ulipolala kwa miaka kinang'aa. Ngazi inabonyea katikati, pembeni inabaki na umbo lake.

Hata yule mama anayefua, ambaye tulidhani amekuja kucheka tu, alirudi siku ya pili na kusahihisha kazi. Shuka lilikuwa limemwagiwa rangi nyekundu ya damu. "Hiyo si damu," akasema. "Damu ikikaa huwa kahawia, na kwa kingo ndiyo inakolea. Katikati hufifia." Amefua damu za watu kwa miaka mingi: za uzazi, za hedhi, za watoto walioanguka, za watu waliopigwa. Hakuna mtaalamu wa uchafu kumshinda mtu anayeishi kwa kuuondoa.

Kwa hivyo, kabla ya kuzeesha kiti, lazima uamue nani alikikalia. Alikuwa wa mkono wa kushoto? Alikuwa mzito? Alikuwa akingojea mtu, mguu ukigonga sakafu mahali pamoja? Unabuni maisha kwanza, uchafu unafuata. Ndiyo maana nasema kazi hii, ikifanywa vizuri, ni aina ya kumsikiliza mtu ambaye hayupo. Ikifanywa vibaya ni kumpaka mtu matope.

*

Turudi kwenye swali la uongo.

Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, alikuwa na shida na waigaji. Alitoa mfano wa kitanda. Alisema seremala anayekiunda yuko karibu na ukweli kuliko mchoraji anayekichora, kwa sababu seremala walau anatoa kitanda cha kulalia, na mchoraji anatoa sura tu. Gikomba tuna maseremala wa vitanda wengi, na nashangaa Plato angesema nini kuhusu mtu anayenunua kitanda kizima, cha kweli, ili akifanye kikae kama ambacho shosho amefia.

Mimi naona Plato aliangalia kitu badala ya kuangalia watu. Uongo hauko kwenye kitanda. Uongo unahitaji watu wawili, na mmoja wao asijue. Wanafunzi wa kidato cha nne wakiwa kwenye bwalo la shule, wanajua kiti cha mfalme ni mbao nyembamba na upanga ni karatasi ngumu. Wamekubali. Wamempa mwigizaji ruhusa awapeleke mahali. Yule anayelipa kiingilio cha nyumba ya mizimu Westlands anajua fuvu ni gazeti na uji. Analipia kuogopa kwa muda, halafu arudi nyumbani na Uber. Hapo hakuna aliyedanganywa.

Lakini chukua polishi ile ile ya viatu, uipeleke mahali pengine.

Wachongaji wa Kikamba wana historia ndefu, na sehemu yake iko hapa hapa Gikomba, ambako walifanya kazi kwa miaka mingi wakiwa wameketi katikati ya maganda ya mbao. Inasimuliwa kwamba biashara yenyewe ilianzia Wamunyu, kwa mtu anayeitwa Mutisya Munge, aliyejifunza kutoka kwa wachongaji wa Kimakonde alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kutoka kwake ukatokea ufundi uliolisha familia, ukasomesha watoto, ukajenga vyama vya ushirika. Ni kazi halisi ya watu halisi, na si ya kale. Ina umri wa kama miaka mia moja tu.

Shida ni mnunuzi. Mtalii hataki kazi ya juzi. Anataka ya babu. Basi mti wa mjakaranda, ambao ni mweupe ndani, unapakwa polishi nyeusi na kuitwa mpingo. Kinyago kinafukizwa moshi, kinapigwapigwa, kinapakwa udongo, na kinauzwa kama mabaki ya kale. Nairobi unaweza hata kununua "kinyago cha Kimaasai", wakati Wamaasai hawana utamaduni wa kuchonga vinyago. Kitu hicho hakijazeeshwa tu, kimepewa na kabila.

Mwaka wa 1992 mwanahistoria wa sanaa Sidney Kasfir aliandika insha iliyoleta mjadala mkubwa kuhusu jambo hili. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba kipimo cha "uhalisi" wa sanaa ya Afrika kiliwekwa na wakusanyaji wa Magharibi na majumba yao ya makumbusho. Walijichorea Afrika safi iliyokuwepo kabla ya wao kufika, na kila kilichofuata wakakiona kimeharibika. Mchongaji aliye hai, anayechonga ili auze, hakuwa na nafasi kwenye picha hiyo. Kwa hivyo ukisema mchongaji wa Gikomba alimdanganya mtalii, kumbuka kwamba mtalii alifika akiwa ameshajidanganya.

Nakubaliana na Kasfir, lakini sidhani hilo linamaliza kesi. Waongo wawili wakikutana hawatoi ukweli. Na kuna mtu wa tatu anayeumia, ambaye ni mchongaji mwenyewe. Kitu cha kale hakina mwandishi. Kwenye kadi yake pale makumbusho huandikwa jina la kabila, na penye jina la mtu huandikwa "hajulikani". Ili kazi yake iuzwe kama ya kale, mchongaji lazima ajifute. Asiweke jina. Asiwe hai. Kila kinyago kinachozeeshwa kinamfundisha mnunuzi kwamba kitu kipya kutoka kwa mkono wa Mwafrika hakina thamani hadi mwenye mkono afe. Huo ndio uongo unaoniudhi, na haumuumizi mtalii hata kidogo.

*

Kuna uzee mwingine wa kutengenezwa ambao tunauvaa bila kufikiri. Jeans. Kila bele ikifunguliwa Gikomba zinatoka zile zilizofifia mapajani na kuraruka magotini, na nyingi hazikuraruliwa na mvaaji. Zilitoka kiwandani hivyo. Wazazi wetu bado hawajaelewa. "Kwani walikosa nzima?" ndilo swali la kila mama.

Njia mojawapo ya kuifanya jeans ionekane imevaliwa miaka mingi ilikuwa kuipiga mchanga kwa mashine ya upepo mkali. Mchanga ule ukipasuka unatoa vumbi laini la silika. Vumbi hilo likiingia kwenye mapafu halitoki. Linayatia makovu hadi mtu anashindwa kupumua, na ugonjwa huo hauna tiba. Uturuki, vijana wengi waliofanya kazi hiyo kwenye karakana ndogo waliugua na wengine wakafa kabla ya kuzeeka, mpaka mwaka wa 2009 serikali ikapiga marufuku njia hiyo. Kampuni kadhaa kubwa za nguo zikatangaza kuiacha baadaye.

Fikiria hapo kidogo. Kijana wa miaka ishirini anapoteza mapafu yake ili suruali ya kijana mwingine ionekane imeishi. Uzee ulitolewa kwenye mwili mmoja na kuwekwa kwenye kitambaa. Mnunuzi hakudanganywa, alijua suruali ni mpya. Kwa kipimo changu cha kwanza, cha nani anajua na nani hajui, hakuna kosa. Hii inaonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi. Lazima tuulize pia: nani analipa, na analipa kwa nini?

Ndiyo maana kijana wetu wa Majengo hufunga leso puani anapopiga msasa, na mlango huwa wazi. Si mbwembwe. Vumbi la mbao nalo si rafiki ya mtu.

*

Halafu kuna uzee ambao hauwezi kutengenezwa, na huo nao una soko lake.

Wamijikenda wa pwani yetu wana vigango, nguzo za mbao ngumu zilizochongwa ambazo husimamishwa kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Kigango si pambo. Ni makazi ya roho ya mzee, na kina masharti. Kikishasimamishwa hakihamishwi. Familia ikihama, kinaachwa pale pale. Mvua inakipiga, mchwa wanakila, na ndivyo inavyotakiwa. Kuoza ni sehemu ya kazi yake.

Sasa, ni huko kuoza kulikowavutia wakusanyaji. Ule ukijivu, zile nyufa, zile kingo zilizolainishwa na miaka ya upepo, wakaona ni uzuri. Kuanzia miaka ya 1980 hasa, vigango viliibwa kwenye vijiji, vikapitia kwa wafanyabiashara, na mamia yakaishia Marekani katika nyumba za matajiri na makumbusho. Baadhi ya makumbusho hayo yameanza kuvirudisha. Makumbusho ya Denver ya Mazingira na Sayansi yalitangaza mwaka wa 2014 kwamba yanarudisha 30.

Angalia kilichotokea kule makumbusho. Kigango kiliwekwa kwenye hewa kavu, taa hafifu, mbali na mchwa. Kiliacha kuzeeka. Waliokipenda kwa sababu ya umri wake ndio waliousimamisha umri wake. Na huku, familia iliyoibiwa inaamka ikiwa na ugonjwa, ukame au kifo, na inajua sababu.

Nimeweka vigango kando ya Halloween kwa makusudi. Huko Ireland, ambako sherehe hii ilianzia, watu walikuwa na usiku wao wa Samhain ambapo waliamini mpaka kati ya walio hai na wafu umelegea. Walichonga macho kwenye mboga za mizizi na kuweka moto ndani. Walipohamia Marekani wakakuta maboga, na maboga ni laini kuchonga. Sisi tunaita malenge na tunayachemsha. Watu wale hawakuwa wakicheza. Walikuwa na wafu wao na sababu zao. Kilichofika Westlands ni ganda, sababu ilibaki njiani. Na ganda si dhambi. Lakini ganda lina njaa, linatafuta kitu cha kujazwa ndani. Ndipo tunapofika kwenye swali la pili la mathe.

*

Mteja mmoja alipiga simu. Alitaka chumba kizima cha nyumba ya mizimu kwa ajili ya sherehe ya kampuni. Kijana akamuuliza anataka kikae aje. Jibu lilikuwa hivi: "Nataka ikae ghetto. Mabati, ukuta wa matope, kamba ya nguo, taa ya koroboi. Mtu akiingia aogope."

Chumba alichokuwa ameketi kijana wakati anapokea simu hiyo kina ukuta wa matope na paa la mabati.

Pumwani si mtaa wa juzi. Serikali ya kikoloni iliuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mahali pa Waafrika ndani ya Nairobi, huku vijiji vyao vya awali vikibomolewa kimoja baada ya kingine. Pangani ilikuja kubomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Watu walipewa viwanja wakajenga wenyewe kwa fito na udongo, nyumba za mtindo wa Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili. Nyumba za mtindo huo bado zipo. Ni umri halisi, bila siki wala chai ya rangi. Linganisha na upande wa Karen. Nyumba aliyoishi Karen Blixen, iliyojengwa mwaka wa 1912, ni makumbusho. Unalipa kuingia na unaombwa usiguse. Tofauti ya miaka kati ya nyumba hiyo na mwanzo wa Majengo ni kama kumi. Moja inaitwa urithi, nyingine inaitwa slamu. Moja inapakwa rangi kila mara ili isionekane imechoka, na nyingine sasa inataka kuigwa ili kutisha watu.

Kuna wa kusema, wacha maneno mengi, ni biashara. Kijana mwenyewe alisema: "Kodi hailipwi na falsafa." Ana haki. Asipoifanya yeye, itafanywa na mwingine asiyejua tofauti ya moshi na matope. Tena kuna methali yetu: kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hapa kwetu methali hiyo ina uzito wa ziada, maana kuna kijiji kando yetu kinaitwa Kinyago, na watu wanaishi humo, wanapika, wanaoa. Labda mtoto wa Majengo akiichonga Majengo kwa mkono wake ndiye anayeitawala hofu hiyo. Labda anawauzia wenye pesa woga wao wenyewe na kula faida.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini methali inasema kinyago hakikutishi wewe uliyekichonga. Haisemi lolote kuhusu wale wanaokitazama, na wataondoka pale wakijua nini. Wanaorudi na Uber watapita Pumwani kesho na kesho kutwa, wakiwa waajiri, mahakimu, maafisa wa mipango ya mji, polisi. Ukimzoesha mtu kuogopa ukuta wa matope, hataacha kuuogopa tarehe 1 Novemba. Nyumba ya mizimu inafundisha kwamba ndani ya chumba kama hiki hakuna mtu, kuna kitu. Na kitu hakina haki ya kuombwa ruhusa kabla ya tingatinga kufika.

Kilichonivutia ni kwamba kijana hakumjibu mteja kwa maadili. Alimjibu kwa ufundi.

"Bosi, hiyo haiwezi kutisha," alimwambia. "Nyumba ya ghetto iko na watu. Sakafu imefagiwa. Pazia limefuliwa. Sufuria zimesuguliwa zinang'aa, zimepangwa ukutani. Mlango umeshikwa mpaka umekuwa laini. Pepo ataingilia wapi? Inayotisha ni nyumba watu wametoka."

Akamweleza tofauti. Nyumba inayokaliwa huchafuka kwa mikono, miguu na moshi, na uchafu wake huondolewa kila siku, kwa hivyo unabaki kwenye kona na kingo tu. Nyumba iliyohamwa huchafuka kutoka juu: vumbi limelala bila alama ya kidole, utando wa buibui umekatiza mlango, maji yamepenya dari na kuchora ramani ukutani. Meza iko bado, sahani ziko bado, na hakuna aliyezigusa. Anaweza kutengeneza nyumba ya mlowezi aliyeondoka usiku, shamba likabaki, saa ya ukutani ikasimama. Mteja alifikiri, akakubali. Hakubadilika moyo, alitaka tu kitu kitakachotisha.

Wengine wataona hapo hakuna ushindi. Mteja hakujua hata kwamba aliambiwa la. Lakini mimi naona kitu. Kijana alijua ukweli kuhusu chumba chake kwa sababu kazi yake imemlazimisha kuangalia. Mtu anayeuliza kila doa limetoka wapi hawezi kuamini kwamba umaskini ni doa lisilo na mtu. Atauona mkono ulioshika mlango, na yule mama aliyeamka saa kumi na moja kufagia. Mteja alitaka uchafu bila sababu, na kijana, kwa sababu za kazi tu, hana uchafu wa aina hiyo dukani.

Kwa hivyo, ukiniuliza kama ni vibaya kuzeesha kitu, sitakujibu kwa neno moja. Nitakuuliza kama anayekitazama anajua, na kama kuna mtu amefutwa jina ili kiuzike. Nitakuuliza vumbi limeingia kwenye mapafu ya nani. Halafu nitakuuliza kuhusu yule mtu uliyembuni ili upate pa kupaka masizi: je, ukikutana naye kesho Gikomba, akiwa ameketi juu ya ndoo anasugua kiatu, utamsalimia?